Salamu na Shida Ziende Pamoja

MEZA YA KAZI
Na Rehema Mbwana

Tarehe 6 ya mwezi ni siku ngumu kwa mhasibu wa Tanzania. Kesho yake ndiyo mwisho wa kuwasilisha TRA kodi ya mishahara ya mwezi uliopita, naye anapitia orodha ya wafanyakazi mstari kwa mstari. Simu inalia: "Mambo dada." Anajibu, anarudi kwenye hesabu. Inalia tena: "Upo ofisini?" Anajibu. Mwenzake anaonekana anaandika, kisha kimya. Baadaye kabisa ndipo linapokuja jambo lenyewe: "Hivi ile risiti ya mafuta uliipata?" Swali dogo namna hiyo limemtoa kazini mara tatu, na hakumbuki tena aliishia jina la nani.

Sisi ni watu wa salamu, na sitaki tuache. Kumwingia mtu na shida bila kumjulia hali ni ufidhuli, iwe barazani au kwenye WhatsApp. Lakini anayebisha hodi ana macho. Akikukuta umeinamia makaratasi, hufupisha maneno au husema atarudi. Tena hodi ina kikomo: ukibisha mara tatu usiitikiwe, unaondoka. Anayetuma meseji haoni amemkuta mwenzake katika hali gani, kwa hiyo busara yote inabidi aitie kwenye maandishi yake.

Njia ni nyepesi. Salamu na shida ziende pamoja, katika ujumbe mmoja: "Shikamoo mama. Naomba picha ya risiti ya mafuta ya safari ya Dodoma, ile ya Jumanne. Naihitaji kabla ya saa tisa kwa ajili ya marejesho. Ukipata nafasi nitumie." Heshima haijapungua hata chembe. Mama ataitikia marahaba na kutuma risiti kwa mkupuo mmoja, wakati anaouchagua mwenyewe, kwa sababu ameshajua anaombwa nini na mwisho ni saa ngapi. Ujumbe wa sauti wa dakika nne haumpi nafasi hiyo. Aliye kikaoni hawezi kuusikiliza, wala hajui kama ndani yake mna dharura au maongezi.

Mwaka 2008, Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu wanaokatizwa kazini. Waliokatizwa walimaliza kazi mapema kuliko wasiokatizwa, maana walijikaza kufidia muda. Lakini walilipa kwa msongo, kero na hisia ya kukimbizwa. Hapo ndipo mabosi wengi wanapodanganyika. Ripoti imefika kwa wakati, basi wanaona meseji za kutwa nzima hazikumdhuru mtu. Gharama imebebwa na mwili wa mfanyakazi, na haimo katika vitabu vya ofisi.

Mabosi wana wajibu mkubwa zaidi. Meseji ya mkubwa saa nne usiku haisomwi kama meseji ya mwenzako. Hata ukiandika kwamba si haraka, mdogo wako ataamka awashe kompyuta. Ufaransa iliona haja ya kuligusa hili kwa sheria: tangu Januari 1, 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kutofuatwa na mawasiliano ya kazi nje ya saa za kazi. Sisi hatuna sababu ya kungoja sheria. Wazo likikujia usiku, liandike mahali, ulitume asubuhi.

Kila ofisi ikubaliane hivi wiki hii: la dharura lipigiwe simu, na lililoandikwa lingoje mtu amalize alichoshika. Anayechelewa kujibu kwa kuwa yuko kazini asihesabiwe mwenye kiburi. Bosi awe wa kwanza kulitamka hilo mbele ya wote, kwa sababu mdogo huthubutu kuzima mlio wa simu pale tu anapojua kwamba mkubwa hatamnunia.