Kumcheka mume aliyepigwa ni kumfundisha kupiga

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ina kifungu kifupi, cha 66, kinachosema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Hakitaji mke wala mume. Kanuni ya Adhabu nayo, inapofika kwenye shambulio la kudhuru mwili, haiulizi jinsia ya aliyedhuriwa. Kwa hiyo mwanamume wa Levolosi, hapa Arusha, aliyemwagiwa maji ya moto na mkewe ana haki ileile ya kwenda polisi, kupewa fomu ya polisi ya PF3 na kutibiwa. Kinachomrudisha nyuma ni watu. Kwenye vijiwe vya kahawa jirani na soko la Kilombero habari yake hugeuka kichekesho papo hapo: amekaliwa, amelishwa limbwata, huyo si kidume. Kicheko kikipoa unafuata ushauri, na ushauri huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kicheko chenyewe: mbona hukumnyoosha mapema?

Tuutazame vizuri. Anayemcheka mume aliyepigwa haoni kosa katika kipigo. Anaona kosa katika aliyekipokea. Kwake yeye nyumba lazima iwe na mwenye fimbo, na fimbo imeshikwa na mtu asiye wake. Imani hiyo imepimwa. Utafiti wa taifa wa Afya ya Uzazi na Viashiria vya Malaria wa 2015-16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wanakubali kwamba kuna sababu, angalau moja, inayompa mume haki ya kumpiga mkewe. Ndiyo, wanawake waliokubali ni wengi kuliko wanaume. Wengi wetu tumelelewa ndani ya wazo kwamba kupiga ni sehemu ya kutawala nyumba. Mwenye wazo hilo atamwambia mke aliyepigwa avumilie, na kesho yake atamwambia mume aliyepigwa alipe kisasi. Ndiyo maana nasema kumtetea mume huyu ni kazi ileile ya kumtetea mke. Anayedhani anawalinda wanawake kwa kumcheka mwanamume anachochea kipigo kitakachomwangukia mwanamke mwingine.

Nitaambiwa kwamba wanaoumia zaidi ni wanawake. Ni kweli, na asiyekiri hilo asisikilizwe. Kenya, ambako utafiti wa taifa wa 2014 uliwauliza wanawake na wanaume, asilimia 39 ya wanawake waliowahi kuolewa walisema wamefanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono na wenzi wao, na kwa wanaume waliowahi kuoa ilikuwa asilimia 9. Tofauti ni kubwa mno kuita mambo hayo sawa. Lakini 9 kati ya 100 si watu wa kupita bila kuonekana. Sisi huku hatuna namba ya kulinganisha, kwa sababu utafiti wetu wa 2015-16, na hata ule wa 2022, uliwauliza wanawake peke yao maswali ya ukatili wa ndoa. Wala tusijifariji kwamba wanaume wasingejibu. Utafiti wa ukatili dhidi ya watoto wa 2009 uliwauliza vijana wa kiume pamoja na wa kike, na mvulana 1 kati ya 7 alisema alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Waliulizwa, wakasema.

Pingamizi jingine lina uzito zaidi: huenda mke alikuwa anajihami, au mume mkorofi anawahi kituoni ili aonekane yeye ndiye aliyeonewa. Yote mawili hutokea. Ila hayo hutatuliwa kwa kuchunguza, kama tunavyotaka kila malalamiko yachunguzwe: nani alianza, nani anamwogopa nani, majeraha yanasema nini, majirani wamezoea kusikia nini. Kicheko hakichunguzi chochote. Kinamwachia mwongo na mkweli jibu moja.

Tujihadhari pia na njia waliyopita wenzetu. Mwaka 2012 Nderitu Njoka wa shirika la Kenya la Maendeleo ya Wanaume alitoa takwimu zake mwenyewe za waume waliopigwa Nairobi na Mkoa wa Kati, akawataka wanaume wa Kenya wasuse chakula cha nyumbani. Magazeti yalifurahi. Sioni aliyeumizwa alifaidika nini na mgomo wa ugali, na lawama ilipotupwa kwa wanawake waliojipatia sauti, mwenye jeraha akawa silaha ya ugomvi wa watu wengine. Cha kujifunza Kenya ni sheria yao ya ukatili wa majumbani ya 2015, na ya Uganda ya 2010, zinazomlinda yeyote anayeumizwa nyumbani. Tanzania hatujatunga sheria mahsusi ya aina hiyo.

Katika ukanda huu wa Meru, jando la Waarusha na Wamaasai humpima kijana kwa kutopepesa jicho mbele ya kisu. Siudharau ujasiri huo, lakini wazee walewale wanaowasifu vijana hao ndio wanaopelekewa ugomvi wa ndoa, na wanaweza kumsikiliza mume bila kumdai ushujaa wa jando. Serikali nayo ina la kurekebisha. MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili, umebeba wanawake na watoto katika jina lake, na madawati ya polisi yanaitwa ya Jinsia na Watoto; mwanamume huyasoma maneno hayo mlangoni akaona hayamhusu, ingawa afisa aliye ndani anawajibika kumpokea. Bango moja la kumkaribisha halipunguzi hata shilingi katika huduma ya mama aliyekaa foleni. Na utafiti ujao wa taifa uwaulize waume maswali yaleyale wanayoulizwa wake zao, faraghani, na mtu asiyecheka.