Hata aliye peke yake hutia nanga

Joshua Slocum alitoka Boston Aprili 1895 na mashua yake ya tanga, Spray, akazunguka dunia peke yake hadi Juni 1898. Peke yake, ndiyo. Lakini mashua yenyewe, ikiwa chakavu nchi kavu, alipewa na rafiki. Alipotia nanga Gibraltar, mji wa ngome kongwe, maofisa wanamaji wa Kiingereza walimwonya juu ya maharamia wa Mediterania. Akageuza njia, akaivuka tena Atlantiki. Nahodha mzoefu kusikiliza si jambo dogo!

Nawe unasema, “Padri, mimi nasali nyumbani, jumuiya ina maneno mengi.” Maneno yapo, sikatai. Lakini nani atakuonya kuhusu maharamia? Jumuiya yako inasali Jumamosi asubuhi, pengine nyumba ya tatu kutoka kwako.