Unga Mpya Usimwagwe Juu ya Unga wa Zamani

Watu wengi huja katika ofisi yetu ya kilimo kuuliza dawa ya wadudu wa unga. Si dawa ya mahindi ghalani, wala ya maharagwe. Habari za hiyo zajulikana, na Bwana Shamba huwaeleza vizuri. Wataka dawa ya kutia katika kopo la unga wa ngano ulioko jikoni, ule wa mikate na chapati. Mimi ni karani tu, kazi yangu ni barua na madaftari, lakini nilisomea ualimu kabla ya kuingia ofisini, na mwalimu hawezi kusikia swali akanyamaza. Jibu langu ni moja siku zote: dawa ya kutia katika unga haiko, na mtu akikuuzia usiinunue. Litakiwalo ni kuacha desturi moja ya jikoni, nayo ni kumwaga unga mpya juu ya ule uliobaki.

Desturi hiyo yajulikana katika kila nyumba. Unga ukikaribia kwisha, mtoto hutumwa dukani, pakiti ya kilo 2 huletwa, hukatwa kwa kisu na kumiminwa katika kopo lile lile. Kesho kutwa mama huchota wa juu, uliokuja juzi. Wa chini haufikiwi. Yako makopo ambayo chini yake hapajaonekana tangu yaliponunuliwa, na huko chini, katika kona na katika mkunjo wa bati, mna unga wa mwaka jana pamoja na wenyeji wake. Siku wadudu wakionekana juu, mama husema kuwa mwenye duka amemwuzia unga mbovu, au husema kuwa unga ukikaa huzaa wadudu wenyewe.

Mwenye duka pengine ana makosa, maana pakiti huweza kuja na mayai ndani yake. Lakini kusema kwamba unga huzaa wadudu si kweli hata kidogo. Zamani watu walidhani vivyo hivyo juu ya nyama, kwamba ikioza huzaa funza, mpaka mganga mmoja wa Italia, Francesco Redi, alipoonyesha mwaka 1668 kuwa nyama iliyofunikwa vizuri nzi wasiifikie haina funza. Mdudu wa unga naye ana mama yake.

Tumtazame basi huyo mama. Katika unga wa ngano adui mkubwa ni mdudu mdogo mwekundu, wa rangi ya kutu, urefu wake milimita 3 au 4. Jike lake hutaga mayai zaidi ya 300 maishani mwake, nayo ni madogo sana, yananata, na unga huyashika pande zote hata jicho lisiyaone. Hapo ndipo chekeche hushindwa: litazuia mdudu mkubwa na funza wake wa rangi ya manjano, lakini mayai yatapita pamoja na unga. Mahali penye joto, kama Mombasa, Kisumu au Garissa, yai huwa mdudu kamili kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Huko Limuru na Nyandarua baridi humchelewesha sana, lakini wenyeji wa huko wasijisifu upesi, kwani wengi huweka kopo juu ya rafu iliyo karibu na meko, na hapo ni Mombasa ndogo. Tena mdudu huyu akikomaa huweza kuishi zaidi ya mwaka mzima. Kopo lisilooshwa ni nyumba yake ya urithi.

Ukiona mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu mfano wa mkonga wa ndovu, huyo ni fukusi, naye ni mgeni. Fukusi hutoboa punje nzima na kutaga ndani yake. Katika unga mlaini hawezi kulea watoto. Basi usihangaike na kopo, nenda katazame gunia la mahindi au la ngano lililo karibu. Na ukiona unga umeshikana madonge kwa nyuzi kama za buibui, hao ni viwavi wa nondo, yule kipepeo mdogo wa kijivu arukaye jikoni jioni. Mtu amwonaye nondo ukutani na kumwacha asishangae baadaye.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili lawahusu hasa wale wapikao mkate nyumbani. Yule mdudu mwekundu hula unga kidogo tu, lakini huuchafua sana. Hutoa maji yake makali yenye harufu ya dawa, na wadudu wakiwa wengi unga huanza kuwa na wekundu kidogo na kunuka. Zaidi ya hayo, unga ulioingiliwa sana hupoteza ile nguvu ya kunata ambayo wataalamu huiita gluteni. Nguvu hiyo ndiyo ishikayo hewa ya hamira ndani ya donge. Isipokuwepo, hewa hutoka, donge hulala, na mkate huwa mzito kama tofali.

Nimesikia akina mama wengi wakisema, "Nilijaribu mkate, haukuumuka, hamira ilikuwa mbovu." Hamira husingiziwa mengi. Kuijaribu ni rahisi: tia kijiko kimoja cha chai katika nusu kikombe cha maji vuguvugu pamoja na sukari kidogo, ungoje dakika 10. Ikifanya povu, ni nzima, nawe usiilaumu tena. Angalia maji yako yasiwe ya moto sana, maana moto huiua hamira. Hayo mawili yakiwa sawa, na mkate bado umelala, funua kopo la unga, ulinuse, uchimbe mpaka chini.

Kwa wasioamini, na kwa walimu wa shule wenye watoto wapendao kuona kwa macho yao, naeleza jaribio la senti chache. Twaa chupa mbili za kioo, uzioshe, uzikaushe kabisa. Chukua unga wa kopo la zamani, uuchekeche vizuri mpaka usione mdudu hata mmoja. Sehemu moja itie katika chupa ya kwanza hivyo hivyo. Sehemu ya pili itandaze katika sinia, uipashe moto polepole mpaka iwe moto sana lakini isibadilike rangi, uiache hivyo kwa saa moja, kisha ipoe, nawe uitie katika chupa ya pili. Funga zote kwa kitambaa kizito kilichofumwa kwa karibu, ukaze kwa kamba, uziweke mahali penye joto. Baada ya wiki tano au sita zitazame. Ikiwa unga wa kwanza ulikuwa na mayai, utaona wadudu wakitembea kwenye kioo, na katika chupa ya pili hamna kitu. Unga ulikuwa mmoja. Mayai tu ndiyo yaliyouawa kwa moto.

Kwa hivi mambo ya kufanya si mengi. Uwe na vyombo viwili vyenye vifuniko vya kukaza, debe, kopo au ndoo ya plastiki, usiwe na kimoja. Kimoja kikitumika, kingine kioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kianikwe juani mpaka kikauke kabisa, maana unga ukikuta unyevu huota ukungu. Hasa sugua mkunjo wa chini na ukingo wa kifuniko. Unga wa kwanza umalizwe ndipo wa pili ufunguliwe. Kama umebaki kikombe kimoja, pika chapati jioni hiyo hiyo, wala usiuhifadhi kwa huruma. Andika tarehe juu ya chombo kwa chaki. Jambo hili huchekwa, lakini hakuna mtu akumbukaye siku aliyonunua unga. Unga wa ata wahitaji haraka zaidi kuliko mweupe, kwani una mafuta ya kiini cha ngano ndani yake, nayo huchacha hata pasipo mdudu.

Hapa yanipasa kusema neno na waume. Mwisho wa mwezi wengi wetu hupenda kuonekana tukishuka garini na beli zima la pakiti 12, yaani kilo 24, kwa sababu bei yake ni nafuu kidogo. Nyumba ya watu watano ipikayo chapati Jumapili tu itachukua miezi kumaliza beli hilo. Nafuu ile hutiwa kuku. Kwa maoni yangu mtu wa karibu na duka anunue unga wa wiki mbili au tatu, asizidishe. Aliye mbali, ambaye njia yake hufungwa na mvua, ana haki ya kununua beli; lakini azitenge pakiti bila kuzifungua, kila chache katika chombo chake kilichokazwa, ili moja ikiwa na ugonjwa isiwaambukize wenzake. Karatasi ya pakiti si ngome. Mwenye friza na aweke pakiti mpya humo kwa siku nne, kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri, na mayai yatakufa. Akiitoa aiache ipoteze baridi kabla ya kuifungua, ili isishike umande.

Wengine hutia pilipili kavu au karafuu katika unga. Sina ugomvi nao, ila yai lililokwisha kuwamo ndani halijali harufu. Jivu ni jema katika maharagwe na mahindi kwa kuwa huoshwa; katika unga utaliosha vipi?

Hilo swali la kuosha ndilo linitialo hofu kuliko yote. Wako watu wachukuao dawa ya vumbi ya kuhifadhia mahindi, wakanyunyiza kidogo ndani ya kopo la unga, au chini ya kifuniko, wakidhani kidogo hakidhuru. Dawa ile imepimwa kwa nafaka nzima, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya karatasi yake, na kwa siku za kungoja kabla ya kuliwa. Unga hauwezi kuoshwa wala kukobolewa, wala moto wa jiko hauwezi kutegemewa kuiondoa sumu yote. Alaye mkate huo kwanza ni mtoto, tena kila siku, naye mwili wake ni mdogo.

Vibaya zaidi ni vile vidonge vya kufukizia magunia. Kidonge hicho kikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi iitwayo fosfini, iuayo fukusi, panya na binadamu bila kubagua. Hakuna dawa ya kuipinga ikiisha kuingia mapafuni. Kuvitumia ni kazi ya fundi aliyefunzwa, katika ghala lililofungwa lisilolaliwa na mtu. Mtu akikuuzia kimoja kimoja sokoni, kimefungwa katika kipande cha gazeti, ujue anakuuzia kifo. Na ukiwa na gunia chumbani wanamolala watoto, usiruhusu kidonge hicho kivuke mlango. Afadhali kupoteza kilo 24 za unga.

Kwa upande wangu naona dawa iliyo bora ya wadudu ni kupika mkate wenyewe kila wiki. Unga unaokaa ndio unaoingiliwa, nao hukaa hasa katika nyumba ziwekazo unga kwa ajili ya wageni. Hesabu yake pia ni nzuri. Gramu 500 za unga, yaani robo ya pakiti, pamoja na maji vuguvugu yapata mililita 300, hamira kavu vijiko viwili vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, sukari na mafuta kijiko kimoja kimoja cha mezani, hutoa mkate wa gramu 700 au zaidi kidogo. Pakiti ya kilo 2 hutoa mikate minne ya namna hiyo, ambayo kwa uzito ni sawa na mikate saba hivi ya dukani ya gramu 400. Kanda kwa dakika 10 bila kuona huruma, funika kwa kitambaa kibichi, ungoje mpaka donge liwe mara mbili. Mombasa ni kama saa moja, Molo ni zaidi.

Wala usiseme huna oveni. Tandaza mchanga mkavu wa inchi moja ndani ya sufuria kubwa nzito, uipashe moto, weka ndani yake sufuria ndogo iliyopakwa mafuta yenye donge lililoumuka mara ya pili, funika kwa kifuniko cha bati na utie makaa juu yake. Makaa ya juu yazidi ya chini, ama sivyo utapata mkate ulioungua kitako na mbichi kichwani. Tazama baada ya dakika 35. Ugeuze, uugonge chini kwa kidole. Ukilia kama ngoma ndogo, umeiva.

Ama unga ulioingiliwa tayari, ukiwa na wadudu wachache na harufu yake ni njema, uchekeche ukaupike leo leo, hautakudhuru. Ukinuka au ukiwa na wekundu wape kuku, ambao watafurahia wadudu kuliko unga. Lakini unga ulioota ukungu usiwape hata kuku, kwa sababu ukungu mwingine una sumu ambayo moto hauiondoi: mwaka 2004 watu zaidi ya 100 walikufa upande wa mashariki wa nchi yetu kwa kula mahindi ya namna hiyo. Unga wa ukungu uchimbiwe shimo ufukiwe, mbali na mahali kuku wanapoparura.