Kurudia Sehemu Si Aibu

Mtu mzima anayejifunza tena sehemu, namba hasi na uwiano chuoni asichekwe. Huko California, sheria AB 705 ya mwaka 2017 ilivizuia vyuo vya umma vya miaka miwili kumrudisha mwanafunzi kwenye hisabati ya maandalizi, isipokuwa ikionekana wazi kwamba bila hiyo hatafaulu. Wengi walikuwa wakikwama humo, wasifikie masomo yanayohesabika kwenye shahada. Naiunga mkono, ila kwa sharti. Asiyeelewa kwa nini −3 × −2 ni 6 bado anahitaji mwalimu mvumilivu. Basi aingie darasa la shahada, na wiki hiyohiyo apewe vipindi vya ziada. Kufunguliwa mlango tu hakutoshi.