MAONI: Albamu «Death Certificate» ya Ice Cube, hasira ya haki iliyomwangukia jirani

Zaidi ya miaka 30 imepita tangu mwanamuziki wa rap wa Marekani, Ice Cube, atoe albamu yake iitwayo «Death Certificate», maana yake cheti cha kifo. Ilikuwa kunako mwezi wa kumi mwaka 1991. Hadi leo wasikilizaji wake hawajakubaliana. Wamoja wanasema ni sauti ya raia waliochoka kunyanyaswa na polisi na tribinali. Wengine wanasema ni maneno ya chuki yaliyowekewa ngoma. Kwa vijana wa Goma, Bukavu, Bunia na Uvira wanaosikiliza rap kwenye simu, na kwa familia za wahami ambazo zinajua neno baya linaweza kufikisha watu wapi, mjadala huo hauwahusu Wamarekani peke yao.

Ice Cube, ambaye jina lake la kuzaliwa ni O'Shea Jackson, ni mtoto wa mji wa Los Angeles, aliyezaliwa mwaka 1969. Alijulikana kwanza katika kundi la N.W.A la mtaa wa Compton, lililotoa albamu «Straight Outta Compton». Wimbo mmoja wa kundi hilo uliwashambulia polisi kwa ukali, hata idara ya upelelezi ya FBI ikaandikia barua kampuni iliyouza albamu hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1989, Ice Cube aliacha kundi kwa sababu ya ugomvi wa pesa, akaanza kuimba peke yake. Alipotoa «Death Certificate» alikuwa na miaka 22 tu.

Mwaka wa vidonda viwili

Huwezi kuielewa albamu hii bila kujua mambo mawili yaliyotokea Los Angeles mwezi wa tatu mwaka 1991. Tarehe 3, askari polisi walimpiga kwa fimbo Rodney King, mtu mweusi aliyekuwa amesimamishwa barabarani. Mkaaji mmoja wa karibu alichukua picha za video, na dunia nzima ikaona. Siku 13 baadaye, tarehe 16, msichana mweusi wa miaka 15, Latasha Harlins, aliingia dukani kununua maji ya machungwa ya dola 1 na senti 79. Mwenye duka, mama mwenye asili ya Korea, alidhani anaiba. Waligombana, msichana akaweka chupa mezani, akageuka aende zake. Mama yule akampiga risasi kichwani kutoka nyuma. Polisi walikuta msichana amekufa na dola 2 mkononi.

Wazee wa baraza la tribinali walimpata mwenye duka na kosa la kuua bila kukusudia kabla, kosa ambalo lingeweza kumfunga hadi miaka 16. Tarehe 15 mwezi wa kumi na moja, jaji alimwachilia aende nyumbani: miaka mitano ya kuchungwa, saa 400 za kazi ya kusaidia jamii, na faini ya dola 500. Albamu ya Ice Cube ilikuwa imeshafika sokoni wiki chache kabla ya hukumu hiyo. Kwa weusi wengi wa Los Angeles, jaji alikuwa amethibitisha yale ambayo nyimbo zilikwisha kusema.

Wanaoisifu wanasikia nini

Albamu imegawanywa upande wa kifo na upande wa uzima. Wa kwanza unaonyesha hali ambayo watu weusi walikuwa wanaishi, wa pili unaonyesha njia ambayo Ice Cube alidhani wangepaswa kushika. Kwenye jalada, yeye mwenyewe amesimama karibu na maiti iliyofunikwa kwa bendera ya Marekani, na kwenye kidole cha mguu wa maiti kumefungwa karatasi yenye jina la Uncle Sam, ambalo Wamarekani hulitumia wakimaanisha serkali yao. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa.

Wanaoipenda wanasema nguvu yake iko katika visa vidogo vya maisha ya kila siku. Kuna wimbo wa kijana aliyepigwa risasi, akapelekwa hospitali ya raia maskini. Anangoja huku damu inamtoka, na polisi wanamuuliza maswali kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. Kuna mwingine wa kijana aliyemaliza sekondari, ana mtoto wa kulisha, anaomba kazi kampuni kubwa na kukosa, anafanya kazi ya malipo madogo, mwishowe anauza dawa za kulevya. Ice Cube hamsifu wala hamwombei msamaha. Anaonyesha hesabu ya mfuko wake tu, na msikilizaji anaona mahali ambapo mlango ulifungwa.

Zaidi ya hayo, hakuwahurumia ndugu zake. Kwenye wimbo «Us» aliwakemea weusi wenyewe kwa wivu, kwa kuuana, na kwa kupoteza pesa katika starehe huku wakilalamikia wageni wanaojenga. Kwenye «Color Blind» alikutanisha sauti za vijana wanaoishi katika vita vya magenge ya rangi nyekundu na rangi ya bluu. Ndiyo sababu wengi wanaiita albamu ya siasa kweli: inauliza serkali, kisha inauliza pia mtu wa mtaani. Na watu waliinunua. Ilianza kwenye nafasi ya pili katika orodha ya albamu zilizouzwa zaidi Marekani, na haikuchukua muda kupita nakala milioni moja.

Sekunde arobaini na kitu

Lakini ndani ya albamu hiyo kuna wimbo mfupi usiofika dakika moja, «Black Korea». Hapo Ice Cube anawageukia wenye maduka wa Kikorea. Analalamika kwamba wanamfuata mteja mweusi nyuma kwa nyuma kama mwizi, jambo ambalo wateja wengi walilijua. Kisha anawaonya kwamba wasipoheshimu watu weusi, maduka yao yatachomwa.

Hapo ndipo wasikilizaji walipogawanyika. Jarida la muziki Billboard liliandika maoni makali likiwataka wenye maduka ya muziki wafikiri kama inafaa kuuza albamu hiyo. Shirika la Kiyahudi la Simon Wiesenthal Center liliomba maduka makubwa yaiondoe, kwa sababu ya Wakorea na kwa sababu ya wimbo mwingine uliomtukana meneja wa zamani wa N.W.A kwa kutaja Uyahudi wake. Uingereza, nyimbo hizo mbili zilitolewa kabisa kabla albamu kuuzwa. Wafanyabiashara wa Kikorea walitumia nguvu ya soko: walikataa kuuza bia ya St. Ides, ambayo Ice Cube alikuwa anaitangaza. Kampuni ya bia ikaona hasara, na mwanzoni mwa mwaka 1992 Ice Cube akawaomba msamaha wafanyabiashara hao.

Msamaha haukuzima kilichokuwa kinakuja. Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka 1992, askari wanne waliompiga Rodney King walitoka tribinalini bila kupatikana na kosa la kumpiga, isipokuwa shitaka moja dhidi ya askari mmoja ambalo wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Los Angeles iliwaka. Watu zaidi ya 60 walikufa. Maduka ya Wakorea yapatayo 2,300 yaliporwa, yaliharibiwa au yalichomwa. Polisi walikuwa wameacha mitaa mingi, na wenye maduka wengine walipanda juu ya mapaa na bunduki kulinda mali yao. Wakorea wa Marekani wanaiita siku hiyo Sa-i-gu, yaani nne-mbili-tisa, tarehe ya msiba wao.

Nani alilipa?

Wapenzi wa Ice Cube wanasema wimbo haukuwasha moto. Hapo wana haki. Moto uliwashwa na hukumu mbili: ile iliyothamini maisha ya Latasha kwa faini ya dola 500, na ile iliyowaachilia askari waliopiga mtu mbele ya kamera. Mtu hahitaji kusikiliza sahani ya muziki ili ajue amedharauliwa. Wanaosema rap ndiyo iliyoharibu mji wanamtupia mwimbaji mzigo wa serkali.

Lakini kuna swali ambalo wapenzi hao mara nyingi wanaliruka: nani alilipa? Hakuwa yule jaji. Hawakuwa wale askari wanne. Aliyelipa ni mhamiaji aliyefungua duka katika mtaa maskini kwa sababu duka la pale lilikuwa la bei aliyoweza, wakati maduka makubwa yalikuwa yameshakimbia tangu fujo za mtaa wa Watts mwaka 1965. Alifanya kazi toka asubuhi hadi usiku, mara nyingi nyuma ya kioo cha kuzuia risasi, akiwaogopa wateja wake. Wateja nao walimwona kama mtu anayekula pesa yao bila kuwaheshimu. Wote wawili walibanwa na mji uleule. Mama mmoja alimwua Latasha. Maelfu ya familia ambazo hazikumjua zilipata majivu.

Hapo ndipo udhaifu wa albamu hii uko. Inapomtaja polisi, hospitali, mwajiri na serkali, inamtaja mwenye nguvu na kosa lake. Inapofika kwa Mkorea, inaacha kosa na kushika kabila. Mtu mmoja alifyatua risasi, wimbo ukatisha watu wote wanaofanana naye. Ni albamu moja na mwimbaji mmoja, na hasira ni ileile, lakini maneno yamebadili mahali yanapoelekea.

Wanawake nao wana lao la kusema. Wimbo wa upande wa kifo unaomzungumzia msichana mbele ya mlango wa baba yake umewachukiza wasikilizaji wengi, wake kwa waume. Mwanaharakati Angela Davis, aliyefungwa na kuachiliwa miaka ya 1970, alikutana na Ice Cube wakati huo, na mazungumzo yao yakatolewa katika jarida Transition mwaka 1992. Mama huyo hakumfukuza wala hakumpigia makofi. Alimwuliza juu ya majina ambayo rap inawapa wanawake, na juu ya nafasi ya wanawake katika ukombozi anaouimba. Hiyo ndiyo namna ya kumsikiliza kijana mwenye kipaji: kumpa haki yake anaposema kweli, na kumsimamisha anapodhulumu.

Maswali matatu kwa msikilizaji wa huku

Katika nchi hii, sheria ya tarehe 7 mwezi wa sita mwaka 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Imekuwepo miaka mingi, lakini sheria haikai kwenye simu ya kijana wakati wimbo au ujumbe wa sauti unapita kutoka mkono hadi mkono. Pale, mlinzi ni sikio lake mwenyewe. Kupiga marufuku peke yake hakusaidii sana: Uingereza ilitoa nyimbo mbili kwenye sahani, haikutoa kitu kwenye moyo wa mtu yeyote.

Albamu ya Ice Cube inaweza kufundisha sikio hilo, kwa maswali matatu mepesi. La kwanza: anayelaumiwa ametajwa kwa kazi yake na tendo lake, au kwa kabila lake? La pili: kosa linalosemwa alilifanya nani, yeye au mtu anayefanana naye? La tatu: mwishoni mwa wimbo, msikilizaji anaombwa kudai haki mahali panapopaswa, au anaombwa kwenda kwa jirani na kiberiti?

Nyimbo nyingi za «Death Certificate» zinajibu vizuri maswali hayo. «Black Korea» inashindwa yote matatu kwa muda usiofika dakika moja.

Vijana wanaoimba rap katika miji na kambi za huku wana mengi ya kusema: barabara zisizotengenezwa, mishahara isiyofika, risasi za usiku, mashamba yaliyoachwa. Hakuna anayepaswa kuwaambia wanyamaze. Mzazi anayesikia hasira katika wimbo wa mtoto wake asikimbilie kuuzima. Auketi karibu, ausikilize hadi mwisho, amwulize: huyu unayemsema, alifanya nini? Mtoto akiweza kujibu kwa tendo, aendelee kuimba. Akiweza kujibu kwa kabila tu, hapo kuna kazi ya kufanya kabla wimbo haujatoka.

Familia nyingi za wahami leo zinakopeshwa unga na majirani wasiosema lugha yao ya nyumbani. Duka hilo dogo likichomwa kwa sababu ya kosa la mtu mwingine, wa kwanza kulala njaa hatakuwa jaji wala mkubwa wa jeshi. Atakuwa mtoto wa mhami, na mtoto wa mwenye duka pamoja naye.