Mulima mumoja, mifuko mingi



Mwezi huu tuzungumze juu ya feza. Si feza ya soko, lakini ile inchi za dunia zinaweka pamoja kwa kutunza pori, maji na hewa. Wengi wetu tunaisikiaka katika radio tu. Watu wanasema: "Ile feza iko kama ndege. Sauti tunasikia, lakini kwetu haishuke." Je, ni kweli? Na kama ni kweli, sababu ni nini?

Tuanze na jambo la kwetu. Tarehe 4 mwezi wa 5, 2023, ilikuwa siku ya Alhamisi, siku ya soko pa Nyamukubi. Mvua kubwa ilipiga milima. Mito ikajaa, ikateremsha mawe na matope juu ya Nyamukubi na Bushushu, katika teritwari yetu ya Kalehe, pa njia ya kwenda Bukavu. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena mpaka leo. Pengine wewe unayesoma ulimuzika mutu wako, ao hukupata hata wa kuzika.

Mvua ilikuja na nguvu, ndiyo. Lakini mvua ilikuta mulima umekwisha kuvuliwa nguo. Miti ilikatwa kwa mbao, kwa makala na kwa shamba. Watu walijenga karibu na muto kwa sababu nafasi ni kidogo na soko iko pale. Pori, shamba, muto, nyumba: yote ilikuwa jambo moja.

Sasa tuangalie mifuko. Kuko mufuko unaoitwa GEF, ulioanza 1991 kwa ajili ya wanyama, pori, maji na udongo. Kuko Mufuko wa Kijani wa hali ya hewa, wenye makao Songdo, Korea Kusini. Kuko CAFI, umoja wa inchi zinazosaidia mapori ya Afrika ya Kati. Katika mukutano wa Glasgow, 2021, Kongo na CAFI walipatana juu ya dolari milioni 500 kwa miaka mitano, na feza hiyo inapita katika mufuko wa Kinshasa unaoitwa FONAREDD. Halafu kuko mufuko mupya wa hasara, kwa watu ambao hewa iliyoharibika imekwisha kuwaumiza. Inchi ziliukubali Misri mwaka 2022, na Dubai mwaka 2023 ziliahidi karibu dolari milioni 700. Baku, mwaka 2024, inchi tajiri ziliahidi kufikisha dolari miliari 300 kila mwaka mpaka 2035.

Ahadi si kidogo. Shida ni kwamba kila mufuko uko na kamba yake, karatasi zake na wataalamu wake.

Wazia nyumba moja. Baba anaweka feza ya masomo, mama ya chakula, kaka mukubwa ya dawa, na hakuna anayeambia mwenzake. Usiku mutoto anashikwa na homa. Baba anasema: "Yangu ni ya masomo." Mama anasema: "Yangu ni ya unga." Kaka yuko safari. Mutoto anaweza kufa katika nyumba yenye feza. Ndivyo ilivyo: mufuko wa pori hautaki kusikia habari ya nyumba, mufuko wa musaada wa haraka unaleta mahema lakini haupande miti, na feza ya barabara haiulize maji yatapita wapi. Mulima ni mumoja, mifuko haisalimiane.

Ndiyo maana wenye hekima wa mambo haya wanaomba mifuko ifwate mupango mumoja wa mahali, kuanzia kichwa cha mulima mpaka ziwa. Mupango huo utaandikwa na nani? Kama Buhavu haiuandike, mwengine atauandika Kinshasa ao Ulaya.

Kuko pia feza yetu wenyewe. Sheria ya machimbo ya 2018 inasema, katika kodi inayolipwa na kampuni juu ya mawe, 50% ni ya serikali ya inchi, 25% ya jimbo, 15% ya sheferi ao muji wenye machimbo, na 10% ya mufuko wa vizazi vinavyokuja. Wewe muchimbaji, umekwisha kuuliza ile 15% ilifika ao hapana? Kuuliza si uasi.

Sasa sikieni neno la kuuma. Nyuma ya msiba wa 2023, wataalamu wa World Weather Attribution walijaribu kupima kama hewa iliyobadilika iliongeza nguvu ya mvua ile. Walishindwa. Vipimo vya mvua vilivyoandikwa katika eneo letu havikutosha. Wafu wetu walikuwako, hesabu ya mvua haikuwako. Mutu anayekwenda kwa muamuzi bila ushahidi anarudi mikono mitupu, hata kama haki ni yake.

Basi, tufanye nini? Mwanzo wa 2025 vita ilifunga banki za Goma na Bukavu, na kazi nyingi zilisimama. Lakini kazi hii haiombe banki. Kila kanisa na kila masomo ya mulimani itafute chombo chenye pande zilizonyooka, na rula. Kila asubuhi, saa ileile, pima maji, andika katika kaye, mwanga. Vilevile andika miti iliyopandwa, mashimo yaliyofukiwa, nyumba zilizo karibu na muto. Siku mufuko utakapokuja, ukute kitabu chetu juu ya meza.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani:
1. Mvua ikipiga usiku huu, maji ya mulima wetu yatapita wapi?
2. Nani katika nyumba yetu ataandika mvua kila asubuhi?
3. Ni nani tutamuuliza juu ya ile 15%, na lini?