Sikio Halina Spea

Mimi ni mtoto wa Kilwa Kivinje. Utotoni tulizoea kusikia baruti za wavuvi zikilia baharini. Jirani yetu mmoja alivua kwa baruti ujanani, na mpaka leo unampa shikamoo mara tatu ndipo akuitikie. Watoto tulikuwa tunamcheka. Niliacha kumcheka nilipokuwa na miaka 19, baada ya siku moja ya shabaha.

Nilikuwa JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Kambi siitaji. Kuruti mmoja alitoa pamba mfukoni azibe masikio. Wenzake wakaangua kicheko: "Unaogopa mlio, risasi utaiweza?" Mimi pia nilikuwa na pamba. Nikaificha.

Ganda la moto kutoka bunduki ya mwenzangu wa kushoto lilinigonga kwenye nyusi. Lingeshuka kidogo tu, lingeingia jichoni. Jioni kengele ikaanza kulia ndani ya sikio langu la kushoto. Nikaambiwa itaisha. Nina miaka 22 sasa, na bweni likinyamaza usiku bado naisikia.

Baadaye nikasoma, nikaelewa. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Mlio wa bunduki unavuka 140, kiwango ambacho hata mlio mmoja unaweza kudhuru. Ndani ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo zinazopokea sauti, na zikifa hazioti tena. Anayelenga kwa mkono wa kulia huumia zaidi sikio la kushoto, maana ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki. Na pamba ya kawaida, ile niliyoificha, husaidia kidogo mno. Kinachotakiwa ni viziba masikio vya sponji au vifuniko vya kichwani, pamoja na miwani ya kinga isiyopasuka. Miwani ya jua ya urembo si kinga.

Wapo watakaosema, "Vitani nani atakupa viziba?" Sawa, lakini uwanja wa shabaha si vita, ni darasa. Walenga shabaha wa Olimpiki huziba masikio na hakuna anayewaita waoga. Na wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa huyo mkuu utamsikiaje kama sikio umeliua mwenyewe siku ya kwanza?

Muhula uliopita nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, upande wangu wa kushoto, alijibu swali kwa sauti ndogo. Sikumsikia. Nikamwambia arudie. Akadhani amekosea, akakaa chini, na kipindi kizima hakunyoosha mkono tena. Baadaye rafiki yake akaniambia jibu lake lilikuwa sahihi.

Ndiyo maana naandika. Serikali yetu ya wanafunzi ina wadogo zetu wanaokwenda kambini kila mwaka. Tuwaambie wanunue viziba pamoja na madaftari na sabuni, na wakifika waombe ruhusa ya kuvivaa, kwa heshima lakini bila aibu. Na wewe uliyekwishapita huko, ukimwona mtu anaziba masikio, usicheke. Mimi niliogopa kicheko cha dakika moja tu, na yule mtoto wa dawati la nyuma ndiye aliyenyamaza.